Wiki ya Dohani Baridi

Lori la mgodi lilimwaga makaa ya mawe barabarani mbele ya mlango wa Enoch Sugden, likaondoka bila dereva kushuka. Yalikuwa makaa ya bure. Kila mchimbaji wa Aldersyke, aliye kazini na aliyestaafu, alipata mgawo wake, na katika mitaa mitatu iliyo chini ya kilima hakuna aliyeuita zawadi. Waliuita mshahara wa pili. Kuyaingiza ndani ilikuwa kazi ya mwenye nyumba, na desturi ilitaka yaondolewe kabla ya giza, kwa kuwa rundo lililolala nje lilimtangazia kila mpita njia kwamba ndani hamna mwanamume.

Enoch alitoka na beleshi. Akachota mara mbili, kisha akaegemea mpini. Kifua chake kilipiga mluzi uliosikika mpaka ng'ambo ya barabara. Akainua uso na kujifanya anatazama mbingu, kama mtu anayekisia mvua, ingawa mbingu ya Aldersyke mwezi wa Novemba haikuwa na cha kutazamwa. Ilikuwa ni moshi wa kijivu uliokaa juu ya mapaa kama kifuniko juu ya sufuria.

Mkewe, Ivy, akatoka amefunga aproni. Akashika beleshi bila neno, naye akaliachia bila neno. Walikuwa wakifanya hivyo tangu mwaka uliotangulia, na wote wawili walikuwa wamekubaliana kimyakimya kuwa ni jambo la leo tu.

Clem Batty, jirani yao, katibu wa tawi la chama cha wachimbaji, alikuwa amekaa kizingitini akivua viatu vya kazi. Akamwita Enoch, akamuuliza kama ameajiri kibarua.

"Mlipe vizuri, mzee," akasema. "La sivyo atahamia kwangu."

"Huyu hauziki," Enoch akajibu, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Wako ndiye namsikia anatafuta mnunuzi."

Clem akacheka, akavaa viatu tena, akachukua beleshi lake na kuanza kuchota upande wa pili wa rundo, huku akilalamika kuwa kukaa kunampa kitambi. Enoch alijua maana yake. Alibaki amesimama palepale mpaka kipande cha mwisho kikaingia ndani, kwa sababu kuondoka kungekuwa aibu zaidi ya kusimama.

*

Katika chumba cha shule ya Jumapili, nyuma ya kanisa la Wamethodisti mwisho wa Mtaa wa Providence, manispaa ilikuwa imeweka kipimo cha hewa. Ivy ndiye aliyekuwa akifagia chumba hicho, kwa hiyo alikizoea kama mtu anavyozoea mpangaji. Bomba lilitoka nje kupitia dirishani, pampu ndogo ikanguruma mchana na usiku ikivuta hewa ya mtaa, na hewa hiyo ikapita kwanza kwenye karatasi nyeupe ya mviringo, kisha ikaingia katika chupa yenye maji maangavu. Karatasi ilizuia masizi. Maji ya chupa yalinasa gesi ya salfa, ile inayowasha koo, yakawa machachu. Kila asubuhi Leonard Firth, kijana wa idara ya afya ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Afya, alifika kwa baiskeli, akatoa karatasi na kuweka mpya, akachukua chupa na kuacha nyingine.

Hakuna aliyemchukia mpaka alipoanza kubandika karatasi zile kwenye ubao wa matangazo nje ya kanisa. Alizipanga mstari, siku baada ya siku, kila moja ikiwa na doa jeusi kama kitako cha kikaango. Juu yake aliandika: *Hii ndiyo hewa mnayovuta.* Chini yake palikuwa na tangazo la manispaa kwamba mitaa hii mitatu inakusudiwa kuwa eneo lisilo na moshi. Hakuna nyumba itakayoruhusiwa kuchoma makaa mabichi. Kila meko itabadilishwa, manispaa ikilipa sehemu kubwa, na watu watachoma makaa yaliyookwa kiwandani yasitoe moshi. Mkutano wa wakazi ungefanyika ukumbi wa mji mwishoni mwa mwezi.

Makaa yaliyookwa hayakuwa ya bure.

"Wametuanikia chupi zetu ubaoni," alisema Bibi Pogson, mjane wa nambari tatu, na maneno hayo yakapita mtaa mzima kabla ya chakula cha mchana.

Lakini aliyeumia zaidi ni Enoch. Miaka mitatu iliyopita bodi ya mgodi ilimpima kifua, madaktari watatu, wakaamua kuwa ugonjwa wake umetokana na moshi wa mjini, si vumbi la mgodini, kwa hiyo fidia hana. Alipokwenda kwa daktari wa manispaa, huyo naye akamwambia ni vumbi la mgodini, moshi hauhusiki. Enoch aliwahi kusema klabuni kwamba amekuwa kama mtoto wa haramu, kila baba anamnyooshea mwenzake kidole. Watu walicheka, naye akacheka nao. Nyumbani hakucheka. Alikuwa ameomba kupimwa tena majira ya kuchipua, na makaa yale barabarani yalikuwa kitu pekee ambacho mgodi ulimpa kwa mapafu yake. Sasa mji ulitaka kumnyang'anya hata hicho, na kwa sababu ileile ya moshi ambayo bodi ilimnyimia fidia.

*

Wazo lilikuwa la Enoch. Alilitoa klabuni Jumamosi, wakicheza dhumna. Enoch ndiye aliyeandika pointi za mchezo juu ya meza kwa kipande cha chaki, kitu ambacho hakikukosekana mfukoni mwake tangu ujana. Zamani, kabla ya mikanda ya mashine, mchimbaji alijaza toroli lake la makaa kule chini na kulitia alama yake kwa chaki, ili likifika juu ijulikane nani alipwe. Toroli lisilo na alama lilikuwa la kwanza kuibwa. Magoti ya Enoch yalikwisha kusahau mgodi, lakini vidole vyake havikuisahau chaki.

Clem alikuwa akieleza barua ya malalamiko atakayoiandikia manispaa. Enoch akaweka jiwe lake mezani.

"Barua wataifungia samaki," akasema. "Kipimo kile hakina macho. Kinavuta tu. Tukikinyima moshi kitavuta nini?"

Akaendelea taratibu, akipumzika katikati. Wiki moja kabla ya mkutano, mitaa yote mitatu izime meko. Karatasi itoke nyeupe. Kisha waende ukumbini, waiinue mbele ya madiwani, waulize huo moshi uko wapi. Karatasi za Bwana Afya zitaonekana ni uongo wa ofisini, na makaa yao yatabaki.

Clem akampiga begani polepole, kama mtu anayegusa ukuta anaohofia utabomoka. Akamwambia kuwa kama madaktari wa bodi wangemsikia, wangegundua ugonjwa wake ni akili nyingi.

Hakuna hata mmoja, kati ya wanaume wale waliotumia maisha yao kulisha moto wa nchi nzima, aliyegundua jinsi mpango huo ulivyokaa. Ili kuonyesha kwamba moshi haukuwapo, ilibidi kwanza wauondoe.

*

Meko zilizimwa Jumapili baada ya ibada. Kufikia jioni nyumba zilikuwa baridi kama mapango. Katika nyumba hizo moto haukuwa pambo. Ndio uliopika, ndio uliochemsha maji, ndio uliokausha soksi, na ndio uliowapa watu mahali pa kutazama wakati hawana la kusema. Wake waliwatazama waume zao wakila nyama baridi na kachumbari ya vitunguu. Wenye jiko dogo la gesi walichemshia majirani chai. Muuza samaki na viazi aliuza kuliko siku za sikukuu, akauliza kama hawawezi kugombana na manispaa kila mwezi.

Clem aligeuka askari wa dohani. Akitoka zamu alipita mtaa mmoja baada ya mwingine, kichwa juu, akitafuta mtu wa kusuta. Jumatatu alikuta uzi mwembamba wa moshi nambari tatu. Akagonga. Bibi Pogson akafungua akiwa amevaa makoti mawili, akamwambia ni paka wake, paka ana umri mkubwa, na paka hakuhudhuria mkutano wa klabuni wala hakupiga kura.

"Basi mpeleke kwangu alale na mke wangu," Clem akasema. "Mimi nitalala hapa."

"Paka wangu ana heshima zake," akajibu Bibi Pogson, lakini akamwaga maji kwenye moto.

Jumatatu hiyohiyo ilikuwa siku ya kufua, kama Jumatatu zote. Kamba zilivuka uchochoro wa nyuma kutoka ukuta mpaka ukuta. Siku nyingine wanawake walianua shuka zikiwa na chembe nyeusi, wakazikung'uta, wakakunja upande mchafu ndani, na nyingine wakazirudisha majini. Jumatatu hii hapakuwa na upepo, hivyo zikachelewa kukauka, na Ivy alizianua jioni akijiandaa kukasirika. Akainua shuka kuelekea mwanga, akaipitishia kiganja. Kiganja kikabaki safi. Mwanamke wa ng'ambo ya uchochoro alikuwa akifanya vivyo hivyo na foronya. Wakatazamana, kisha kila mmoja akakunja nguo zake haraka, kama watu waliofumaniwa.

*

Kwa muda wa miaka miwili Enoch alikuwa hajalala kitandani. Akilala chali alihisi anazama, kwa hiyo alikaa kitini karibu na meko, dirisha likiwa mbele yake, na wachimbaji wa zamu ya alfajiri walimwona wakipita, blanketi magotini, wakampungia mkono. Lakini kiti kisicho na moto hakikukalika. Jumapili usiku alipanda ghorofani, akaketi kitandani ameegemea mito, akakohoa mpaka asubuhi. Jumatatu vilevile, ila kikohozi kilipungua. Jumanne Ivy alipitiwa na usingizi kabla hajasikia mwisho wake.

Jumatano aliamka kumekwisha kupambazuka, na hakusikia kitu. Hapakuwa na mluzi. Hakugeuka. Alilala vilevile ametazama ukuta, na mambo yaliyompitia kichwani yalikuwa madogo ya kushangaza: kwamba shati jeupe la Enoch lina kifungo kilicholegea, kwamba watu watakuja na nyumba haina moto wa kuwachemshia chai. Ndipo alipogeuka. Enoch alikuwa ameteleza kutoka kwenye mito wakati fulani usiku, amelala ubavu, mkono chini ya shavu, mdomo wazi. Mabega yake yalipanda na kushuka. Alikuwa amelala tu, kama kijana aliyetoka zamu.

Ivy alishuka miguu mitupu. Akaketi kwenye kiti cha mumewe, mbele ya meko yenye majivu, akalia kwa hasira asiyoweza kusema ni ya nani.

Enoch aliteremka karibu na saa nne, suruali imevaliwa haraka, macho yakimkwepa. Ivy alimpa mkate na chai aliyoiomba kwa jirani.

"Umeniacha nimelala," akasema.

"Ndiyo."

Akavunja mkate vipande vidogo, akavitazama.

"Usimwambie mtu, Ivy."

*

Kufikia Ijumaa karatasi ya ubaoni ilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Jumamosi ilikaribia weupe. Bwana Afya alizibandika zote, kwa kuwa alikuwa kijana mwaminifu, kisha akarudi hatua chache, akatazama mapaa ya mtaa. Dohani zote zilikuwa kimya. Ivy, aliyekuwa akifagia ngazi za kanisa, alimwona akianza kutabasamu na kisha kuacha. Kijana hakumuuliza lolote. Alisema tu kwamba kunaonekana kuna baridi sana majumbani wiki hii, na kwamba anamwombea Bwana Sugden afya njema. Ivy akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Clem aliingia kwa kina Enoch jioni akinukia bia na ushindi. Alikuwa ameiomba karatasi ya Jumamosi, akapewa, na akaiweka kati ya kurasa za Biblia ya mkewe isikunjike. Alimwambia Enoch kwamba siku ya mkutano yeye ndiye atakayesema mwisho, kama mzee wa mtaa. Kifua chake tu kilitosha kuwa hotuba.

Alipoondoka, Ivy alibaki amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Karatasi imekuwa nyeupe kwa sababu tumezima moto," akasema.

"Najua."

"Basi masizi ni yetu."

"Najua, mwanamke. Mimi si mtoto." Akapumzika. "Nikilisema hilo mbele za watu, wale madaktari watatu watakuwa wamesema kweli. Kesho bodi itaniambia, wewe mwenyewe umekiri, ni moshi. Nitakwenda kupimwa na nini? Na makaa yakiondoka, miaka yangu yote kule chini nimepata nini?"

"Umepata kikohozi. Na wiki hii umelala siku nne."

Ivy akavuta kiti, akaketi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi wakati wa mazungumzo. Akamwambia kuna kitu kinachomsumbua. Karatasi zinabandikwa, kila mtu anaziona, kila mtu anaaibika. Lakini kipimo kile kina na chupa, na chupa haijawahi kubandikwa. Koo lake yeye bado linawasha akipita kanisani, hata wiki hii. Alimuuliza Bwana Afya maji yanasemaje, naye akajibu kwamba matokeo hayo hupelekwa moja kwa moja kwa kamati ya afya.

Enoch akaingiza vidole mfukoni, akakuta kipande cha chaki, akakigeuza na kukigeuza.

*

Ukumbi wa mji ulijaa mpaka kwenye korido. Mwenyekiti wa kamati ya afya alikuwa Diwani Harcourt Lumb, mwenye kiwanda cha kutia vitambaa rangi kilicho kando ya mto, mtu mpole wa sauti aliyeishi juu kilimani upande ambao upepo hutokea. Aliwashukuru kwa kuja. Akasema anaelewa kwamba watu wa chini wameuzoea moshi wao, kama mtu anavyozoea harufu ya koti lake la zamani, na kwamba kazi ya manispaa ni kuwasaidia kulivua. Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliuma. Mwanamke mmoja alificha mikono yake chini ya mkoba.

Clem aliinua karatasi. Akasema hii ndiyo hewa ya Mtaa wa Providence, imepimwa na kipimo cha manispaa yenyewe, na kama kuna anayeona moshi humo basi avae miwani. Ukumbi ulipiga makofi na miguu. Bwana Afya aliulizwa. Akasimama, akaeleza kwa sauti ndogo kwamba wiki hiyo dohani za mitaa mitatu hazikutoa moshi. Mtu akamzomea, akauliza kama yeye sasa anapima hewa au anachungulia nyumba za watu. Akaketi, masikio mekundu. Diwani Lumb akagonga meza. Akasema kuna mzee anayetaka kusema neno la mwisho.

Enoch alisimama akishikilia mgongo wa kiti cha mbele yake. Walimsubiri apate pumzi. Katika ukumbi ule kila mtu alijua kusubiri pumzi ya mtu.

"Mnajua nalala wapi," akaanza. "Zamu ya alfajiri wananiona dirishani. Miaka miwili."

Vichwa vikaitikia.

"Wiki ile nililala kitandani. Siku nne. Ubavu, kama mtu."

Clem akageuka akamtazama. Karatasi ilikuwa bado mkononi mwake, na mkono ukashuka wenyewe.

"Dohani zilikuwa baridi kwa sababu nilisema zizimwe. Wazo ni langu, Clem asilaumiwe. Nilitaka kukidanganya kipimo. Kikanijibu kweli." Akapumzika. "Mgodi ulinichukulia nusu ya kifua. Hiyo bado naidai, na bodi isikie. Nusu iliyobaki inakwenda na masizi, na masizi ni yetu. Kule chini, toroli ukilijaza unalitia alama, usije ukalikana. Karatasi ile nyeusi ni toroli letu. Naitia alama yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Nyuma mtu alisema neno baya taratibu, na mtu mwingine akamnyamazisha. Diwani Lumb akaanza kumshukuru Bwana Sugden kwa ujasiri wake. Enoch hakuketi.

"Sijamaliza, mheshimiwa. Kipimo kina karatasi na kina chupa. Karatasi tumeiona. Chupa wiki ile ilisemaje?"

Bwana Afya alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama makabrasha yake, akasema hayo ni mambo ya kitaalamu ambayo kamati itayashughulikia kwa wakati wake.

"Kijana," Enoch akasema, si kwa ukali. "Wewe ndiye unayeibeba kila siku kwa baiskeli. Ilisemaje?"

Leonard Firth alisimama. Alikuwa na mke mjamzito na nyumba ya kupanga, na aliyekuwa amekaa pale mezani ndiye aliyetia sahihi ajira yake. Akasema masizi yalishuka mpaka karibu na hakuna. Salfa ilishuka kidogo tu. Akarudia maneno mawili ya mwisho, mara hii kwa sauti iliyofika nyuma.

"Dohani zetu zilikuwa baridi," Enoch akasema. "Ya nani ilikuwa moto?"

Ukumbi wa mji wa Aldersyke una madirisha marefu upande wa mto. Hakuna aliyenyoosha kidole. Waligeuka tu, mmoja baada ya mwingine, mabenchi yakilia, mpaka watu wote wakawa wanatazama upande mmoja, ambako dohani ya kiwanda cha rangi ilisimama juu ya mapaa ikitoa moshi wake mwembamba wa manjano, kama ilivyoutoa wiki ile na wiki zote. Mezani, mtu mmoja tu ndiye hakugeuka.

*

Amri ya kuzuia moshi ilipitishwa kwa mitaa mitatu. Kuhusu kiwanda, kamati iliazimia kulitazama suala hilo, na ikaendelea kulitazama. Chama kilikwenda kwa wakubwa wa mgodi, na baada ya mivutano mgodi ukakubali kubadilisha makaa mabichi kwa yale yaliyookwa, ingawa rundo likawa dogo kuliko la zamani. Mafundi walikuja wakang'oa meko. Moto mpya ulikuwa mkaidi kuwaka, na ulipowaka haukuwa na ndimi za kutazama, na Ivy aliutukana kila asubuhi kwa maneno ambayo kanisa halikumfundisha.

Clem hakusema na Enoch mpaka baada ya Krismasi. Siku lori lilipomwaga makaa mapya, alitoka na beleshi lake, akaanza kuchota upande wake wa rundo.

"Umetupunguzia mgawo," akasema.

"Nimekupunguzia na kitambi," Enoch akajibu, akachota. Alichota mara sita kabla ya kuegemea mpini, na Clem akajifanya hahesabu.

Majira ya kuchipua aliitwa mbele ya bodi. Madaktari walikuwa wawili safari hii. Mmoja alikuwa na gazeti la mji lenye maneno yake ya ukumbini, sehemu ya masizi imepigiwa mstari, sehemu ya mgodi haikupigiwa. Walimnyima tena. Alirudi kwa miguu, akapanda kilima kidogo cha stesheni akisimama mara moja tu, na alipofika nyumbani Ivy hakuhitaji kuuliza. Alimkatia mkate. Enoch akala, akapanda ghorofani mchana mweupe, akalala.

Asubuhi iliyofuata alikuwa kanisani kabla ya baiskeli kufika. Siku hizi Bwana Afya alibandika karatasi, ambazo zilikuwa zimepauka kiasi kwamba hakuna aliyesimama kuzitazama, na kando yake akaandika kipimo cha chupa, kwa kuwa tangu mkutano ule hakuna mtu aliyethubutu kumkataza hadharani. Enoch alisubiri amalize. Kisha akatoa chaki mfukoni, akainama, akaandika chini ya kipimo herufi moja kubwa, L, alama ya mwenye mzigo, kama zilivyoandikwa zamani kwenye ubavu wa toroli, kwa mkwaruzo mmoja wa kushuka na mmoja wa kwenda kando.

Gari la Diwani Lumb hupita pale kila siku likielekea mtoni. Mvua huifuta herufi ile, na mara moja mtu aliifuta kwa kitambaa. Kesho yake ilikuwepo.